Chokaa ya Siku ya Mgeni

Mtu akishapatwa na mabaya, majirani humpaka upole hata kama hakuwa nao. Docus Akidi hakuwa mpole. Siku moja pale sokoni Nakivubo, Kampala, alimrudishia muuza simsim debe zima, akalimwaga mbele ya wateja wake, akamwambia, "Mchanga huu wako upeleke kwenu ukajengee choo." Halafu akasimama palepale, mikono kiunoni, akangoja simsim safi. Na alipewa. Huyo ndiye Docus ninayemwandika. Atakayetaka mwingine amtafute kwenye matangazo ya msiba.

Alizaliwa kambi ya polisi, baba yake akiwa konstebo kutoka Acholi. Mimi nami ni mtoto wa kambi ileile, mlango wa nne kutoka kwao, kwa hiyo sisimuliwi. Nyumba zetu zilikuwa safu za mabati ya duara, chumba kimoja, pazia katikati, wazazi huku, watoto kule. Maji ya bomba yalikuja akitaka Mungu. Lakini kitu kimoja hakikukosekana kambini, nacho ni chokaa.

Mkubwa akitangazwa kuja kukagua, kambi nzima ilipakwa nyeupe. Mawe ya njiani yalipakwa, mashina ya miti yakapakwa mpaka kiunoni, na ukuta wa choo kwa nje. Ndani ya choo, mtu usiombe. Sisi watoto ndio tulioyapaka mawe kwa brashi za katani, na jiwe lako likiachwa na doa, fimbo ilikuwa yako. Ili chokaa isibanduke kwa mvua au kushika nguo ya mkubwa, iliwekwa chumvi. Kila nyumba ilitoa kikombe kimoja. Aliyekuja kuikusanya hakuruka mlango hata wa mtu aliyegombana naye, maana kuruka nyumba ni kumwambia mwenyewe kwamba hahesabiwi. Docus ndiye aliyebeba beseni la chumvi ile, mlango kwa mlango, tangu ana miaka saba. Nakumbuka alivyokuwa akipiga kelele, "Chumvi ya afande! Asiye na chumvi atoe machozi!"

Mkubwa alikuja, akatembea dakika kumi, akasema safi, akaondoka. Bomba likaendelea kukauka.

Docus alisoma mpaka darasa la saba, kama mimi. Halafu akampenda Fadhul, Mnubi, mtoto wa dereva wa kambi, na hapo vita vikaanza. Baba yake Docus alisema hataki mkwe asiyekula naye nguruwe. Mama yake Fadhul alisema hataki mkamwana anayenuka pombe ya mtama. Docus akawajibu wote wawili siku moja, uani, watu wakisikia: "Baba, nguruwe hujala tangu Krismasi ya juzi. Mama, hiyo pombe anayeinywa ni mume wako." Walioana. Yeye Jumapili alipanda Lubaga kanisani, Fadhul Ijumaa alikwenda msikitini, na siku nyingine zote walikutana kwenye sahani moja ya samaki. Mtoto walimpata mmoja, Shamim, ambaye sasa ameolewa Arua.

Kazi ya Docus ilikuwa madonge ya simsim. Unakaanga simsim, unachemsha sukari na maji kidogo, unachanganya, kisha unaviringisha viganjani kabla haijapoa. Sukari ikizidi, donge linanata kama deni. Ikipungua, linamwagika mkononi mwa mteja na anakutukana. Docus alijua kipimo kwa kukamata tu. Akishamaliza, alilibingirisha kila donge kwenye unga mkavu ili yasishikane kwenye ndoo. Wachuuzi wa soko la Kikuubo walimwita Mama Donge.

Kambi ikavunjwa. Walisema pale panajengwa maghorofa, na mabati yetu yakaondolewa na sisi juu yake. Wengi wetu tulihamia bondeni, nyuma ya kiwanda cha chuma, maana huko kodi ilikuwa ya mtu mwenye mfuko mdogo. Tulikwenda pamoja, safu kwa safu, hata majirani hatukubadilisha. Sajenti Odyek, rafiki wa baba yake Docus, aliyekwisha kustaafu, alichukua chumba cha kwanza njiani, kama kwamba bado analinda geti. Ndani ya mwezi tukajua kwa nini pale ni rahisi.

Ule moshi sitausahau. Ulikuwa wa manjano asubuhi, wa kahawia mchana, na harufu yake ni ya yai lililooza kwenye mfuko wa mtu anayekudai. Nguo nyeupe ilianikwa ikateremshwa kijivu. Mabati mapya yalitoboka kabla ya miaka miwili. Watoto walikohoa kama wazee wa tumbaku. Tukauliza kinachounguzwa ni nini, tukaambiwa, "Maendeleo."

Kiwanda kilipokea udongo wa chuma kutoka milima ya kusini-magharibi, na sehemu kubwa ya udongo ule ilikuwa vumbi. Vumbi halifai tanuru, linaziba njia ya hewa na moto unakufa. Kwa hiyo linaokwa kwanza. Wanalichanganya na makaa na maji, wanalitandaza juu ya kitanda cha vyuma vyenye mianya, wanawasha juu, na feni kubwa chini yake inavuta hewa. Moto unatembea kushuka taratibu, na vumbi linashikana, likitoka ni bonge lenye matundu kama kichuguu. Wafanyakazi waliliita mkate. Mkate huo ndio unaovunjwa na kwenda tanuru.

Ubaya ulikuwa kwenye kinachochanganywa. Bosi alinunua makaa ya mawe ya bei ya kutupa, yaliyojaa salfa. Akaongeza magamba ya chuma yanayobanduka nondo zikipigwa, yamelowa oili chafu. Vyote vilikwenda kitandani, na kilichotoka juu ya dohani kilikuja kulala kwetu.

Fadhul aliajiriwa kitandani hapo, kazi ya kusawazisha mchanganyiko na kuwasha. Mwaka wa pili akaanza kukohoa. Mwaka wa tatu akawa anaamka kabla ya adhana, si kwa ajili ya sala, kwa ajili ya kifua. Docus alimwambia aache kazi. Fadhul akasema, "Niache nikafanye nini? Nina miaka hamsini na mbili, nani atanipa bodaboda?" Walirushiana maneno wiki nzima. Mwisho Docus akasema mbele yangu, "Basi. Kama wewe hutoki kwenye moshi, moshi utatoka kwako." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya hasira.

Mwaka uliofuata akaja fundi Mkongomani, Zéphyrin, kutoka Lubumbashi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya. Mamlaka zilikuwa zimeanza kuuliza maswali, na bosi akamleta ili aonekane ana mtu wa kujibu. Zéphyrin alisema vumbi lifanywe vidonge vidogo kabla ya kutandazwa, ili hewa ipite katikati yake na makaa yaungue yote. Aliwaweka vijana kumi wajaribu kwa mikono kabla ya kutengeneza pipa la kuzungusha. Siku hiyo Docus alikuwa amemletea Fadhul chakula. Akasimama na sufuria kichwani akiwatazama.

"Hawa wanafanya nini?" akamuuliza mumewe.

"Wanafinyanga vidonge."

"Hivyo ni vidonge? Hata mbuzi anafinyanga vizuri zaidi, na hatumii mikono."

Vijana wakacheka. Zéphyrin akavua miwani. "Mama, wewe unaweza?"

Docus akateremsha sufuria, akakunja mikono ya gauni lake la gomesi, akachota. Akabana, akafungua kiganja, akatazama ufa ulivyokwenda. "Maji mengi. Na hiki cheusi mbona mmekitia ndani?"

"Ni makaa, mama. Ndiyo inaunguza."

"Najua ni makaa, mimi si kipofu. Ukiyafungia ndani yatapata wapi hewa? Yatafuka tu kama kuni mbichi. Finyanga kwanza udongo, halafu bingirisha kwenye makaa, kama simsim kwenye unga. Yakae nje."

Zéphyrin akarudisha miwani usoni, akabingirisha kimoja. Baadaye alituambia kwamba kuna viwanda vikubwa duniani vinavyofanya hivyo hasa, na wameandika vitabu. Docus akamjibu, "Wangeniuliza, wasingechosha kalamu."

Akaajiriwa. Akatuingiza na sisi, wanawake kumi na mmoja wa kambi ya zamani. Kazi yetu ilikuwa kuosha yale magamba kwa maji ya moto na sabuni mpaka oili itoke, na kuchekecha vumbi la mkaa wa maganda ya kahawa, maana Zéphyrin aliyatupa yale makaa ya salfa. Kitu cha tatu kilikuwa chokaa ya Tororo, ile kali isiyowahi kuguswa na maji. Ikiingia kwenye udongo uliolowa inachemka yenyewe, inavishikiza vidonge visibomoke, na salfa yoyote iliyobaki inaikamata hukohuko ndani ya mkate isipande angani. Zéphyrin alitupanga mstari akatuambia, "Minawaambia mara moja. Chokaa, ndiyo. Mafuta, hapana. Chumvi, hapana kabisa. Chumvi kwa huu moto iko sumu, inapanda na moshi, inaunguza kifua." Ndiyo maana hata jasho tulifutia mabegani.

Miezi miwili tulijaribu kitanda kimoja kati ya vinne. Kilichotoka kwenye kitanda cha Docus kilikuwa kama mvuke wa birika. Siku za zamu ya kitanda kile Fadhul alikohoa mara tatu nne tu. Najua kwa sababu Docus alikuwa akihesabu, anatuambia asubuhi kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. "Jana tatu. Juzi nne. Mnaona?"

Bosi hakufurahi. Kuosha magamba, kuchekecha, kuleta chokaa kutoka mbali, yote aliyaona usumbufu. Lakini mkaguzi wa moshi alitangaza kuja Jumatatu na mashine yake. Bosi akatuita uani, akasema wazi, nami namshukuru kwa uwazi: "Atapima hicho kitanda chenu. Kikipita, vitanda vyote vinne vitafuata mtindo wa Mama Donge. Kikianguka, narudi kwenye makaa yangu, na sitaki kusikia tena habari za vifua vya watu."

Kwa hiyo kila mtu alijua kinachopimwa ni nini. Karatasi ya mkaguzi ingeandikwa namba, sisi tungesoma kifua cha Fadhul.

Docus aliweka mifuko sita ya chokaa stoo, juu ya mbao, kila mfuko ndani ya mfuko wa plastiki, ili unyevu usiifikie. Lori lingine lilikuwa la wiki mbili mbele. Ijumaa aliigusa mifuko mmoja mmoja kama mtu anayewafunika watoto. Jumamosi akaja tena kuigusa. Jumapili akaenda Lubaga kuomba.

Na ufunguo wa stoo alikuwa nao Sajenti Odyek.

Niseme ukweli kuhusu huyu mzee, ingawa ulimi wangu unataka kingine. Odyek hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msimamizi wa uwanja wa kiwanda, anasimama wima kama bendera, anapiga saluti hata kwa gari la maziwa. Baba yake Docus alipokufa, ni yeye aliyebeba msalaba mpaka kwao Kitgum. Docus alimwita baba mdogo akimpenda, afande akimheshimu. Sasa mtu wa namna hiyo, mwambie mgeni mkubwa anakuja Jumatatu, na mbele yake kuna njia ndefu yenye mawe meusi pande zote mbili, na stoo ina chokaa mifuko sita. Atafanya nini? Atafanya alichofundishwa miaka thelathini na moja.

Jumatatu tuliingia na Docus saa kumi na mbili na nusu. Tulipopita geti nilifumba macho kwa ule weupe. Mawe yote kutoka geti mpaka kitandani yaling'aa, miti ilivaa soksi nyeupe, choo kimepakwa kwa nje. Ilikuwa kama kambi imefufuka.

Docus alisimama. Hakuuliza. Alikimbia stoo na gomesi ameishika mkononi. Nilimkuta ameketi kwenye zile mbao tupu.

Odyek akatokea, mikono imebabuka vidole vyote, anatabasamu kama bwana harusi. "Umeona, mwanangu? Tumefanya jana kutwa. Nilikuwa na vijana wanne. Mgeni akishuka kwenye gari tu, ataona hapa pana nidhamu. Nimekusaidia."

"Afande," Docus akasema. "Mifuko sita?"

"Yote. Mawe mia mbili na kumi! Ilikuwa kali chokaa hiyo, imechemka kwenye pipa kama uji, imenichoma hapa na hapa. Lakini nimeiweza."

Nilifungua mdomo nimwambie yaliyonijaa. Docus alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Kisha akamwambia yule mzee, kwa sauti ya mtoto wa kambi, "Asante, afande."

Hapo ndipo ninapomlaumu. Sitaacha kumlaumu. Heshima nyingine ni kamba ya kujinyongea.

Alikwenda kwa bosi kuomba siku isogezwe. Bosi alikuwa anafunga tai. "Mkaguzi yuko njiani, amefika Jinja Road. Nimwambie nini, kwamba chokaa imepakwa ukutani? Mchanganye mnavyojua." Zéphyrin alikuwa amekwenda na gari la kiwanda kumpokea mkaguzi, simu yake imezimwa kwa adabu.

Docus akarudi uwanjani, akazunguka kitanda mara mbili. Bila chokaa vidonge havishikani, hilo alilijua, vingekuwa matope na hewa isingepita. Ndipo akaliona pipa nyuma ya stoo. Odyek alikuwa amebakisha nusu yake, nzito kama maziwa yaliyoganda.

"Ni ileile," akaniambia. "Imezimwa kwa maji, imepoa, lakini ni chokaa ileile. Chota!"

Tulichota. Wanawake kumi na mmoja na ndoo, tunakimbia kama nyumba inaungua. Docus alimimina, akakanda, akabana kiganjani, akafungua. Ufa ulikwenda pale anapotaka. Akaniangalia akacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Vidonge vilitoka vizuri kuliko siku zote. Tulivibingirisha kwenye vumbi la mkaa, Fadhul akavitandaza, akavisawazisha kama kitanda cha mgeni. Saa nne kasoro, mkaguzi akatembea katikati ya mawe meupe. Mama mmoja mnene wa miwani, hakuyatazama hata moja. Alipanda ngazi, akachomeka bomba la mashine yake kwenye dohani, akasema, "Washeni."

Fadhul akawasha.

Dakika kumi za kwanza mvuke ulikuwa wa birika. Bosi alikunja uso kama mtu aliyeshindwa kesi. Zéphyrin alinyoosha kidole gumba. Docus alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatazama dohani, midomo inatembea, nadhani ni rozari.

Moto uliposhuka katikati ya kitanda, moshi ukabadilika. Haukuwa wa manjano wala wa kahawia. Ulikuwa mweupe, mzito, wenye ukali unaoingia puani kama sindano. Fadhul, aliyekuwa karibu kuliko wote, alishika chuma cha ngazi akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akapiga magoti. Mkaguzi alitazama mashine, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena. Akaanza kuandika.

Zéphyrin alichukua kidonge kibichi kilichobaki chini. Alikivunja. Akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Mama Docus, nani ametia chumvi?"

Odyek alikuwa amesimama wima pembeni, kofia kwapani. Ilimchukua muda. Kisha niliona uso wake ukianguka polepole, kama plasta kwenye ukuta uliolowa. "Chokaa bila chumvi inabanduka," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikusanya kwenye nyumba. Kikombe kimoja kimoja."

Na mimi nilikuwa nimetoa changu! Jumapili asubuhi, mlangoni kwangu, nikipika chai. Aliniambia ni ya mgeni, nikachota bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu. Docus hakuwapo, alikuwa Lubaga. Fadhul ndiye aliyetoa kikombe cha nyumba yao.

Lakini msinielewe vibaya. Docus hakuhitaji kuambiwa. Huyu ndiye mtoto aliyebeba beseni. Hakuna mtu Kampala nzima aliyejua kuliko yeye kwamba chokaa ya mgeni haikosi chumvi. Aliijua tangu ana miaka saba, na asubuhi ile, kwa haraka, aliisahau kwa saa tatu tu. Aliniambia hivyo mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye jiwe jeupe, wageni wamekwisha kuondoka: "Nilikuwa nalo kichwani miaka arobaini na tano. Likaondoka leo."

"Ni kosa la Odyek," nikamwambia.

"Odyek alipaka mawe. Aliyetia kitandani ni mimi."

Kitanda kilianguka. Namba ilikuwa mbaya kuliko ya makaa ya zamani. Zéphyrin alijaribu kueleza, akachora mpaka karatasi mbili, akaomba nafasi ya pili. Bosi alimsikiliza akiwa amekwisha kufungua tai. "Nilisema nini? Kikianguka, narudi kwenye makaa yangu." Jumanne lori liliingia, likamwaga ile milima myeusi. Jumatano sisi kumi na mmoja tukaambiwa kazi ya kuosha imekwisha. Docus aliambiwa Jumanne hiyohiyo, kwa heshima ya cheo chake. Kuhusu mkaguzi, bosi alimalizana na ofisi yao kwa njia anazozijua, na vitanda vyote vinne vikawashwa. Zéphyrin alirudi kwao kabla ya mwezi kwisha. Alimwachia Docus miwani yake ya akiba ya kuzuia vumbi, sijui kwa nini. Labda hakuwa na kingine.

Yale mawe, mnataka kujua? Wiki ya kwanza yaligeuka manjano. Wiki ya tatu yalikuwa meusi kama hayajawahi kupakwa. Hiyo ndiyo mashine niliyoiamini mimi, haikuhitaji kuchomekwa popote.

Fadhul alikwenda kazini miezi mitano zaidi. Mwezi wa sita hakuweza kupanda ngazi ya kitanda, wakampa barua. Sasa anaketi kwenye kiti mlangoni, mto mgongoni, anapumua kwa mabega. Docus amerudi kwenye simsim. Anapeleka Kikuubo asubuhi, anarudi kabla ya saa sita kumgeuza mumewe. Hahesabu tena kikohozi. Nilimuuliza, akasema, "Nitahesabu mpaka ngapi?"

Wiki iliyopita nilikuwa kwake, tunaviringisha madonge. Nilimwona Odyek anakuja na beseni. Anatembea sasa kwa fimbo, lakini mgongo bado wima. Mgeni mwingine ametangazwa kiwandani, mtu wa wizara. Alisimama mlango wa jirani, akapokea. Akasimama mlango wangu, hakumkuta mtu. Nikajiambia, hapa atapita. Akiwa na haya hata chembe, hapa atapita.

Hakupita. Alikuja akasimama mbele ya Fadhul. Fadhul alikuwa amekamatwa na kikohozi, na yule mzee alingoja, beseni kifuani, macho chini, mpaka kikaisha. Ndipo akasalimu. "Fadhul. Mwanangu Docus. Nimeona nikiruka nyumba yenu itakuwa vibaya zaidi."

Mkono wangu ulikuwa umejaa sukari ya moto na nilitamani kuutumia. "Afande, wewe huna—"

"Nyamaza," Docus akaniambia.

Aliinuka, akapangusa viganja, akaingia ndani. Nilimsikia anafungua kopo. Akatoka na kikombe kimejaa, kimesawazishwa juu kwa kisu, kama mama yake alivyokuwa akikitoa kambini. Akakimimina kwenye beseni polepole, punje zote, akakigonga kitako.

"Mawe ni mangapi safari hii, afande?"

"Mia mbili na tisa," Odyek akasema. "Moja gari lililivunja."

"Yapake vizuri basi."

Akapiga saluti, mzee yule, kwa mkono ulio na fimbo. Halafu akafunika beseni kwa kiganja, maana upepo ulikuwa unatoka upande wa dohani, akaenda mlango unaofuata.